Barua ya wazi kwa wazee wetu wa Lexington: Tarehe 4 Julai tutoke nje

Kwa wazee, wachungaji, maimamu, mama viongozi na kamati za jumuiya zetu zinazozungumza Kiswahili hapa Lexington, Kentucky.

 

Kikao chetu kilipofika kwenye sikukuu za kiangazi, jambo lilimalizwa haraka. Wakongo watakutana tarehe 30 Juni, Warundi na Wanyarwanda tarehe 1 Julai, na Watanzania wachache tulio nao wakitaka watafanya Sabasaba yao. Tarehe 4 Julai ikapewa sentensi moja tu: kila mtu apumzike kwake, sikukuu hiyo ina wenyewe. Nawaandikia kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Naomba mwaka huu tutoke. Tuingie kwenye paredi ya mji kama kikundi kimoja, na paredi ikiisha tuwashe majiko yetu, tuchome nyama na kula pamoja na majirani.

Naandika kwa heshima, maana baadhi yenu mlinifundisha irabu pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tukiwa tumekaa chini, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye mti. Na mnajua kwamba mwanafunzi wenu hakuwahi kuwa mtu wa kukaa na neno moyoni.

Nianze na hilo la wenyewe. Mji huu tunaoishi ulipewa jina na watu waliokuwa bado hawana nyumba hapa. Mwezi Juni 1775 kundi la wawindaji kutoka mashariki lilipiga kambi kando ya chemchemi, upande wa magharibi wa katikati ya mji wa leo, mahali panapoitwa McConnell Springs. Habari zikawafikia kwamba mwezi Aprili, kule Lexington ya Massachusetts, raia walikuwa wamepigana na askari wa Mfalme wa Uingereza. Wakaipa kambi yao jina hilohilo. Mji wenyewe ulikuja kujengwa miaka minne baadaye, katika ardhi ambayo Washawnee na Wacherokee walikuwa wakiwinda kabla yao. Kwa hiyo jina lililo kwenye kitambulisho cha kila mmoja wetu lilitokana na habari za vita ya uhuru, zilizosikiwa na watu wa kambini. Watu wa kambini ni sisi pia.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Julai 1776, wajumbe waliokutana Philadelphia wakapitisha maneno ya Tamko la Uhuru. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili, alikuwa amemwandikia mkewe Abigail siku moja kabla, akimwambia kwamba siku ya uhuru itaadhimishwa vizazi na vizazi kwa magwaride, michezo, mizinga na mioto, kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine. Alikosea tarehe tu, maana alidhani watu wataikumbuka tarehe 2, siku kura ya uhuru ilipopigwa. Huko Bristol, Rhode Island, wamekuwa wakiadhimisha tangu 1785, na mstari wa katikati ya barabara inakopita paredi yao hupakwa rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Mwaka 2026 Tamko linatimiza miaka 250.

Ningependa kila mzee aliyekaa miaka akisubiri mahojiano ya kuhamishwa alisome Tamko lile mwenyewe, hasa pale penye orodha ya malalamiko dhidi ya Mfalme George III. Mojawapo ya malalamiko hayo ni kwamba mfalme alizuia sheria za kuwapa wageni uraia, na akakataa kupitisha nyingine za kuwatia moyo watu wahamie huku. Limo humo humo, kwenye karatasi inayosherehekewa siku hiyo.

Lakini najua hoja ya ndani zaidi, hata kama kikaoni hakuna aliyeisema kwa sauti. Sisi ni Weusi. Paredi inapita Main Street, na pembeni mwa Main Street, jirani na jengo la mahakama ya zamani, pako Cheapside. Kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe hapo palikuwa mojawapo ya masoko makubwa ya watumwa katika Kentucky. Mama aliuzwa hapo, mtoto akauzwa kwa mtu mwingine, na wengi wakaswagwa kwenda kusini kwenye mashamba ya pamba. Kwa miaka mingi sanamu mbili za viongozi wa upande uliopigania utumwa zilisimama mahali hapo hapo. Ziliondolewa Oktoba 2017. Mwaka 2020 bustani ile ikapewa jina la Henry A. Tandy, mjenzi Mweusi aliyezaliwa utumwani, ambaye kampuni yake ndiyo iliyofanya kazi ya matofali kwenye jengo lile la mahakama. Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza kwa nini apite hapo akipunga kibendera.

Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwenyewe, aliuliza swali hilo tarehe 5 Julai 1852 mjini Rochester, New York, mbele ya wenyeji waliomwalika kuhutubia. Aliwauliza sikukuu yao ina maana gani kwa mtumwa, na hakuwapunguzia makali hata kidogo. Hata hivyo hakulitupa Tamko. Alilishika, akawadai walitimize. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipokuja alizunguka kuandikisha askari Weusi, na wanawe wawili wakajiunga na kikosi cha 54 cha Massachusetts.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo limenifanya nisiweze tena kusema kwamba sikukuu hii si ya watu kama sisi. Kama kilomita 30 kusini mwa Lexington, katika kaunti ya Jessamine, pako Camp Nelson. Wengine wetu tunapita hapo tukienda kazini bila kugeuza shingo. Ilianzishwa mwaka 1863 kama kambi ya jeshi la Muungano. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa halikuihusu Kentucky, kwa sababu jimbo hili halikuwa limejitenga. Njia ya mtumwa wa Kentucky kupata uhuru wake ilikuwa kujiandikisha jeshini. Wanaume Weusi zaidi ya 10,000 wakajiandikisha Camp Nelson. Walikuja kwa miguu, usiku, wengine wakifuatwa na mabwana zao. Na nyuma yao wakaja wake zao na watoto wao, ambao sheria haikuwapa uhuru wowote. Wakajenga vibanda pembezoni mwa kambi. Nyaraka za jeshi la wakati ule zinawaita wakimbizi.

Novemba 1864, kwenye baridi kali, mkuu wa kambi aliamuru wafukuzwe. Wanawake na watoto kama 400 walipakiwa kwenye magari ya kukokotwa wakatupwa barabarani, na vibanda vyao vikabomolewa nyuma yao. Kati yao 102 walikufa. Askari mmoja, Joseph Miller, alitoa ushahidi wa kiapo ambao umehifadhiwa hadi leo. Mwanawe alikuwa mgonjwa, naye akamsihi mlinzi kwamba mtoto akitolewa kwenye baridi ile atakufa. Walitolewa. Usiku ule Miller alitembea kutoka kambini hadi Nicholasville kuwatafuta. Akawakuta kwenye jengo kuukuu la ibada lililojaa watu, wakitetemeka kwa baridi, na mtoto ameshakufa. Hakuwa na ruhusa ya kulala nje ya kambi, ikabidi arudi usiku uleule. Asubuhi akatembea tena, akachimba kaburi kwa mikono yake, akamzika mwanawe, akaiacha familia yake pale na kurudi jeshini. Haikupita miezi mingi, yeye na familia yake yote wakawa wamekufa.

Mama zetu, nyinyi mliovuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mkiwa na watoto mgongoni, kuna ambaye haijui habari hii? Tofauti ni majina ya mahali tu.

Kelele zilizopigwa kuhusu vifo vile zilifika Washington. Machi 1865 Bunge likapitisha sheria ya kuwapa wake na watoto wa askari Weusi uhuru, na pale pale Camp Nelson jeshi likajenga makazi ya wakimbizi. Wanaume wale waliapa chini ya bendera ambayo siku ya kiapo ilikuwa bado haijawahesabu watoto wao kuwa watu huru. Baadhi ya askari wa vikosi vile wamezikwa hapa mjini, African Cemetery No. 2, Mtaa wa Saba. Basi tukisema tarehe 4 Julai ina wenyewe, na Joseph Miller tumweke wapi? Mimi naona yeye ni mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote, na kama yeye ni mwenyewe, sisi ni jamaa zake.

Nakuja kwenye fataki, na hapa nawapa haki yenu yote wazee wangu. Mtu aliyetoka Fizi, Uvira au Minembwe kule Kongo hahitaji kuambiwa mlio wa usiku ni nini. Mwili unajua kabla ya akili. Nimemwona mama yangu mzazi akiinuka kutoka kwenye kiti na kuanza kukusanya vitu vya watoto, viatu kwanza, wakati ni vijana tu wa nyumba ya tatu waliokuwa wakicheza uani. Hakuna hotuba ya uhuru itakayomtoa mtu woga wa namna hiyo, na sitaki mtu yeyote alazimishwe.

Lakini nawaomba mjue kwamba hatuko peke yetu. Jirani yangu wa upande wa kushoto ni mzee Mmarekani aliyepigana Vietnam. Kila mwishoni mwa Juni huchomeka kibao kwenye nyasi mbele ya nyumba yake, chenye bendera ndogo pembeni, kuwaomba majirani wamfikirie kabla ya kuwasha fataki. Mama aliniuliza kile kibao kinasema nini. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akakitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe na wao." Jioni ya tarehe 4 akakaanga sambusa, akanituma nimpelekee. Nilimkuta sebuleni, mapazia yamefungwa, televisheni imefunguliwa sauti ya juu, mbwa wake amejikunyata chini ya meza. Na huyu ndiye aliyekuwa mchana kwenye paredi, amevaa kofia ya wakongwe wa vita, watu wakisimama kumpigia makofi. Siku hizi tarehe hiyo jua likizama anakuja kwetu, au mama anakwenda kwake. Yeye Kiingereza chake, mama Kiswahili chake cha Uvira. Wanakunywa chai mpaka kelele ziishe.

Paredi, wazee wangu, ni ya mchana. Tutasikia matarumbeta, ngoma na ving'ora vya magari ya zimamoto, na hivyo tunaweza kuwaambia mama zetu mapema wajue vinakuja. Chakula tukimaliza kabla jua halijazama, kila mtu atakuwa ameshafika kwake. Makanisa yenye ukumbi wa chini ya ardhi yangeweza kuuacha wazi usiku huo kwa yeyote asiyetaka kusikia milio, na wachungaji nawaomba mlitafakari hilo hata kama mtayakataa mengine yote. Na kibao kama cha jirani yangu kinaweza kuchomekwa mbele ya nyumba ya mkimbizi vilevile. Majirani wengi hawajui tu.

Hoja ya tatu niliyoisikia ni ya watoto: kwamba tukiwazoesha sikukuu za huku watasahau kwao. Binti yangu mkubwa yuko sekondari, anapiga ngoma kwenye bendi ya shule. Majira ya joto mazima nyumba yetu haina utulivu, meza ya jikoni imechakaa kwa vijiti vyake. Bendi yao ilipita kwenye paredi, wamevaa sare nzito juani, jasho linawatoka, macho mbele. Wazazi wa wenzake walikuwa wameshapanga viti vya kukunja ukingoni mwa barabara tangu asubuhi, bibi, babu, shangazi na binamu, na kila kundi lilipiga vigelegele vya kwao mtoto wao alipotokea. Binti yangu alipofika alituona mimi na mama yake, basi. Usiku akaniuliza watu wetu walikuwa wapi. Hilo swali halikuwa la mtoto aliyesahau kwao. Anajua tulivyo wengi. Harusi zetu zinajaza ukumbi mpaka watu wanasimama nje, na msiba ukitokea mtaa mzima unakosa pa kuegesha magari. Anajua kwamba shuleni kwake Kiswahili ni lugha anayoweza kuisikia kwenye korido siku yoyote. Ila siku mji mzima unapotoka barabarani kutazamana, sisi hatuonekani.

Nyinyi wenyewe mnaikumbuka defile ya tarehe 30 Juni. Mzee mmoja kati yenu hunisimulia kila mara jinsi alivyopita mbele ya jukwaa Uvira akiwa mwanafunzi, na soksi nyeupe ambazo mama yake alizifua usiku na kuzikausha juu ya jiko. Miaka imepita mingi, nchi imempitisha katika mengi, na soksi zile bado anazo kichwani. Hata Nyarugusu, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tulipangwa mistari, tukacheza na kuimba mbele ya wageni, nasi tulikuwa tukingojea siku hiyo mwaka mzima. Mtoto anahitaji kupita barabarani siku moja kwa mwaka watu wake wakimtazama. Tukiwa nao pale, watapita wakijua ni watoto wa nani.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kulisema lakini ni afadhali lisemwe. Sikukuu zetu za nyumbani zinatugawa. Tarehe 30 Juni Mrundi haji. Tarehe 1 Julai Mkongo anakaa kwake. Tarehe 4 Julai yenyewe ni Siku ya Ukombozi kwa Rwanda tangu 1994, na sote tunajua kwamba miongoni mwetu hatuitazami kwa jicho moja. Sitaki kuligusa hilo zaidi, na wala siwaombi muache kukutana siku zenu. Nasema tu kwamba katika kalenda nzima sikukuu ya mji huu ndiyo pekee ambayo hakuna kati yetu anayeweza kumwambia mwenzake "hii ni yangu". Ndiyo maana napendekeza tusibebe bendera zetu za nyumbani kwenye paredi. Mbele iende bendera ya Marekani, ibebwe na vijana wetu waliokwisha apa uraia. Nyuma yake kitambaa kimoja chenye maneno ya Kiswahili na Kiingereza kwamba sisi ni majirani wa Lexington. Kisha mama zetu na vitenge vyao, kila mmoja na chake, maana hapo hakuna haja ya kamati kuamua rangi.

Wapo watakaoniuliza, na wameshaniuliza, nitashangiliaje nchi ambayo Januari 2025 ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Dada yangu mdogo bado yuko kambini. Wapo waliokuwa wameshapimwa afya, wameshauza godoro na sufuria zao, wengine tarehe za ndege wameshapewa, wakaambiwa wasubiri. Siwezi kusema hilo haliumi. Lakini naomba mfikirie nani anatusemea tukiwa tumejifungia. Wakati wa uchaguzi, au kwenye kikao cha halmashauri ya mji, mtu wa kaunti hii atakapoulizwa kuhusu wakimbizi, nataka akumbuke sura, nataka amkumbuke mama aliyempa mshikaki na kumwonyesha mtoto wake. Jirani yangu aliyepigana Vietnam hakuwahi kuandika barua kwa mbunge wake maisha yake yote. Mwaka jana aliandika, kuhusu dada yangu. Sikumwomba. Alimsikia mama akilitaja jina lake kila jioni, akauliza ni nani.

Wahenga walishasema mgeni siku ya tatu apewe jembe, na kwa wengi wetu siku ya tatu ilishapita zamani. Jembe tumelishika: kwenye maghala, kwenye mashamba ya farasi, hospitalini, usiku na mchana. Tunalipa kodi. Wazee wetu wanakaa madarasa ya jioni kujifunza majibu ya mtihani wa uraia, na nimewasikia wakirudia kwa sauti kwamba Tamko liliandikwa na Thomas Jefferson na kupitishwa tarehe 4 Julai 1776. Mzee anayejua jibu hilo kwa moyo ana haki ya kukaa kwenye kiti ukingoni mwa barabara siku hiyo na kupungiwa mkono.

Sasa chakula, maana hapa nina hakika tutaelewana. Wamarekani siku hiyo huweka jiko la mkaa uani au kwenye mbuga ya mji, wakachoma soseji na nyama ya kusaga iliyofinyangwa, mahindi yakapakwa siagi, pembeni kuna maharage matamu, saladi ya viazi, na tikiti maji lililokatwa vipande vikubwa. Watu wa Kentucky wana chakula chao kinaitwa burgoo, mchuzi mzito wa nyama na mboga za kila aina unaochemka saa nyingi kwenye sufuria kubwa huku mtu akikoroga kwa zamu. Mama yeyote aliyewahi kusimamia sufuria ya harusi ataona amefika nyumbani. Kila mtu huja na sahani yake ya kuchangia, na ukifika mikono mitupu hakuna anayekuuliza, unapewa tu.

Sisi tuje na mbuzi. Mkulima tunayenunua kwake sote tunamjua, na akiagizwa mapema anawapa vijana nafasi ya kuchinja kwa utaratibu wa Kiislamu. Nyama ilazwe usiku mzima kwenye limau, tangawizi na vitunguu saumu. Chumvi itiwe karibu na kuchoma. Majiko yawe mawili, na moja liwe la nyama ya halali tupu, lisiguswe na soseji za nguruwe hata kwa koleo. Watoto wa kiume wawili wakae hapo kulinda hilo, kwa adabu. Kachumbari ikatwe palepale, maana ikikaa inatoa maji. Sombe iwepo, na samaki wa ziwani kama atapatikana, hata akiwa mkavu. Pilipili iwe kwenye bakuli lake peke yake na kijiti chenye maandishi ya onyo. Bia zibaki nyumbani, mbuga za mji zina sheria zake. Na tafadhali viti vya wazee viwe kivulini, visipangwe jua likawafuata.

Wanaoshika zamu siku hiyo kwa sababu malipo huwa ya juu, hatuwalaumu. Sahani zao zifunikwe.

Nimeulizia utaratibu wa paredi. Wanataka kujua jina la kikundi, idadi ya watakaotembea, kama tutakuwa na gari, na mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Mtu huyo naweza kuwa mimi. Jina la kikundi siwezi kulichagua peke yangu, na sitajaza fomu kabla hamjanipa ruhusa. Naomba kila jumuiya itoe mzee mmoja na mama mmoja wa kutembea mstari wa mbele. Kwa wasioweza kutembea tupate pikapu, na mwenye nayo atujulishe sasa, kwa sababu inabidi ipambwe siku moja kabla. Ngoma zipo kwa wanakwaya. Mbuzi wa kwanza namtoa mimi.

Naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, mwanzoni, kabla ya michango ya misiba.

Mwanenu wa Nyarugusu, mzazi wa mpiga ngoma.